Dhima ya Aliyekabidhiwa Mali ya Umma Kuondosha Taka za Umeme

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na Masahaba zake. Ama baad.

Katika darasa letu limeulizwa suali ambalo halifai kujibiwa kwa neno moja. Muulizaji amesema: "Siku hizi Serikali hutoa fedha, au husimamia fedha zitozwazo watu kwa amri yake, ili zikusanywe simu, kompyuta, televisheni na vyombo vinginevyo vya umeme vilivyokufa, vivunjwe, na vyenye manufaa ndani yake vitolewe vitumike tena. Mtu akikabidhiwa kazi hiyo, akavikusanya vitu hivyo, akavipima, akapeleka hesabu na akalipwa, je, dhima imemwondoka? Na akishamwuzia mtu mwingine mzigo ule, je, ataulizwa ulikokwenda?"

Jawabu letu kwa ufupi ni kuwa dhima haimwondoki kwa mzigo kutoka mlangoni pake. Humwondoka pale mzigo unapofika mahali usipoweza kumdhuru mtu. Aliyelipwa aondoshe dhara, naye akalihamisha tu kutoka mtaa huu hadi mtaa mwingine, hakuifanya kazi aliyolipwa, na ujira alioupokea hakuuchuma kwa halali. Huo ndio muhtasari, na yafuatayo ni maelezo yake.

TAKA HIZI NI KITU GANI

Watu wengi hudhani kuwa taka zote ni namoja. Ganda la nazi na mifupa ya samaki huoza, vikawa udongo, na mwakani mtu akapanda mchicha juu yake. Chombo cha umeme hakiozi namna hiyo. Televisheni za zamani, zile zenye mgongo mkubwa, kioo chake kimechanganywa na risasi, na televisheni moja yaweza kuwa na ratili kadha za risasi hiyo. Vioo bapa vingi vilivyozifuata vilitiwa taa ndogo zenye zebaki. Nyaya zimevikwa plastiki ambayo ikichomwa hutoa moshi wa sumu, na sumu hiyo hukaa katika udongo na katika miili ya wanyama na watu. Ama risasi, hiyo huingia katika damu ya mtoto ikamharibu akili kabla hajajua kusoma. Shirika la Afya Ulimwenguni limeeleza kuwa hakijulikani kiasi cha risasi katika damu kinachoweza kusemwa kuwa hakina dhara.

Na humo humo mwenye sumu mna mali. Mna shaba katika nyaya, na mna dhahabu na fedha katika vibao vidogo vya ndani. Katika tani moja ya simu kuukuu mna dhahabu nyingi zaidi kuliko iliyomo katika tani moja ya mawe ya machimbo. Hazina na sumu zimewekwa katika chombo kimoja, nacho kimefungwa, na asiyekijua hawezi kuvitenga.

Taka hizi si chache. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka wa 2024 imeeleza kuwa mwaka wa 2022 dunia ilitupa tani milioni 62 za vyombo vya umeme, na katika kila sehemu 100 ni kiasi cha 22 tu zilizothibitika kwa hesabu kuwa zilikusanywa na kushughulikiwa ipasavyo. Sehemu nyingine zote hazikuthibitika hivyo, na miongoni mwazo ziko zilizofukiwa, zilizochomwa, na zilizosafirishwa kwenda kwa watu wasioweza kukataa.

Hapa ndipo ulipo mtihani. Mwenye kutafuta faida peke yake huchukua shaba na dhahabu, akakiacha kioo chenye risasi na taa zenye zebaki. Shaba ina mnunuzi kila mtaa. Kioo chenye risasi hakina mnunuzi, bali yeye mwenyewe ndiye atakayetakiwa kulipa ili kipokewe na kuhifadhiwa. Kwa sababu hiyo Serikali nyingi zimeona kuwa kazi hii haisimami kwa soko pekee, zikatoa fedha za umma, au zikawatoza wanunuzi au watengenezaji. Basi fedha hizi zatolewa kwa ajili ya ile sehemu isiyokuwa na faida. Shaba yajilipia yenyewe. Kinacholipiwa na umma ni sumu. Msimamizi anayechukua fedha za umma, kisha akaitoa shaba na kuitupa sumu, amelipwa mara mbili na kazi hakuifanya hata mara moja.

MALI HII NI YA NANI

Uislamu umeipa amana cheo kikubwa, na Kitabu cha Mwenyezi Mungu kimetuamrisha kuzifikisha amana kwa wenyewe. Wanavyuoni wamesema kuwa mwenye kushika mali ya watu wengi, kama mtawalia wa wakfu au mlinzi wa mali ya yatima, hana ruhusa ya kufanya ndani yake ila lile lenye maslaha kwa wenye mali. Aliyekabidhiwa fedha za umma kwa kazi maalumu yuko katika mlango huo huo. Fedha imetengwa kwa jambo lake. Akiitumia kwa jingine, hata lingekuwa jema, ameikiuka amana.

Kila aliyesoma hadithi anakijua kisa cha Ibn al-Lutbiyya, ambaye Mtume s.a.w. alimtuma kukusanya zaka za Bani Sulaym. Aliporudi aliugawa mzigo mafungu mawili, akasema kuwa fungu hili ni la Waislamu na fungu hili ametunukiwa yeye. Mtume s.a.w. alipanda mimbari akalikemea jambo hilo mbele ya watu, akauliza kama mtu yule angekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake, je, zawadi hizo zingemfikia? Basi mkaguzi wa taka anayeletewa bahasha na mwenye godauni, na mpimaji wa mizani anayenunuliwa chakula kila siku na mwenye lori, na wajiulize suali hilo hilo.

Na kiko kisa cha baada ya Khaybar, cha mtumishi aliyeuawa kwa mshale. Watu wakampongeza kwa kufa shahidi. Mtume s.a.w. akawaambia kuwa shuka aliyoichukua katika ngawira kabla ya kugawanywa yamwakia moto. Ilikuwa shuka moja tu. Waliposikia hayo, mtu mmoja akaja na ukanda wa kiatu kuurudisha. Hivyo ndivyo walivyofahamu wao maana ya mali ya umma.

YALIYOTOKEA MAREKANI

Tusije tukadhaniwa kuwa twasema mambo ya nadharia, na tutazame yaliyotokea kwa watu waliotutangulia katika kazi hii.

Jimbo la California lilitunga sheria mwaka wa 2003, na tangu Januari 2005 kila anunuaye televisheni au kioo cha kompyuta alitozwa dola kati ya 6 na 10 kwa kadiri ya ukubwa wa kioo. Fedha ziliwekwa katika mfuko wa jimbo, nalo likawalipa wakusanyaji na wavunjaji kwa ratili. Mwanzoni malipo yalikuwa senti 48 kwa ratili moja. Mpango ulikuwa mzuri, na vioo vingi sana vilikusanywa ambavyo kama si hivyo vingetupwa. Lakini mizani haiulizi mzigo umetoka wapi. Ratili iliyotoka jimbo jirani la Arizona ina uzito ule ule wa ratili ya California, na watu wa Arizona hawakutoa hata senti moja katika mfuko ule. Wakatokea watu wa kuyavusha malori mpakani, wakaandika katika madaftari majina na anwani za watu ambao hawakuleta kitu, wakadai malipo. Ilipofika mwaka wa 2010 mambo haya yalikuwa yameshatoka magazetini, na jimbo likawa linayakataa madai na kuongeza wakaguzi.

Tazama, ndugu msomaji, namna dhambi ilivyo nyepesi kwa mwenye kuizoea. Mzigo ni wa kweli, mizani ni ya kweli, na vioo vimevunjwa kweli. Uwongo ni mstari mmoja tu katika daftari. Lakini mstari huo ndio uliolipiwa. Sura ya Al-Mutaffifin imeshuka kuwaonya wapunjao vipimo, na wengi hudhani kuwa yamhusu muuza mchele na muuza mafuta ya taa peke yao. Kila mwenye kuandika uzito ili alipwe ameingia humo.

Jambo la pili ni la vioo vyenyewe. Hapo zamani kioo chenye risasi kiliyeyushwa kikafanywa televisheni mpya. Zilipokuja televisheni bapa, kazi hiyo ikafa, na kioo kikakosa pa kwenda. Yakatokea makampuni yaliyopokea ujira wa kukishughulikia, yakakirundika katika magodauni na kuahidi kuwa mitambo yaja. Katika mji wa Columbus, jimbo la Ohio, kampuni moja iliondoka mwaka wa 2016 ikaacha milima ya vioo vyenye risasi, na mzigo wa kuisafisha ukawaangukia wengine. Waliowapelekea vioo walikuwa na risiti za kuonyesha kuwa wametimiza wajibu wao. Risiti zilikuwa sahihi, na sumu ilikuwa palepale.

Jambo la tatu ni kubwa zaidi. Katika jimbo la Washington ulikuwako mpango kama huo, ambao fedha zake zilitolewa na watengenezaji kwa amri ya sheria. Kampuni kubwa ya mpango huo, ya mji wa Seattle, iliahidi mbele ya wote kuwa haitavipeleka vioo vyenye zebaki nchi za ng'ambo. Shirika la Basel Action Network, la mji huo huo, likaficha ndani ya vioo vichache mitambo midogo yenye kuonyesha mahali ilipo. Mitambo ikavuka bahari ikafika Hong Kong. Huko wafanyakazi walionekana wakivivunja vioo kwa mikono bila ya kinga, na zebaki ikimwagika. Zaidi ya ratili milioni 8 za vioo zilikuwa zimepelekwa kwa njia hiyo ili kuepuka gharama ya kuzitoa taa kwa usalama, na wenye kampuni, walipoulizwa, wakazigeuza hati za safari. Mwaka wa 2019 wawili hao walihukumiwa kifungo cha miezi 28 kila mmoja.

Wale walikuwa watu wenye sifa katika mji wao, waliotajwa kuwa mfano wa kazi safi. Mtume s.a.w. alipopita sokoni alitia mkono ndani ya chungu ya nafaka, akakuta juu pakavu na chini pamelowa, akamkanya muuzaji kwa kuuficha unyevu. Kontena nyingi za vyombo vikuukuu ziletwazo Afrika zimefuata mtindo wa chungu ile: mlangoni huwekwa televisheni nzima zenye kuwaka, na nyuma yake ni mizoga.

YALIYOTOKEA KWETU

Wala asidhani mtu kuwa haya ni ya Wamarekani na ya wasafirishaji wa ng'ambo. Hapa hapa Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru upande wa Mikindani, kilijengwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kuitoa risasi iliyomo. Betri hizo ni ndugu wa taka tunazozitaja, na kazi yenyewe iliitwa kwa jina lile lile zuri, yaani kufanya cha zamani kuwa kipya. Kiwanda kilianza kazi katika mwaka wa 2007 na kusimama mwaka wa 2014. Kati ya ukuta wake na nyumba za maskini hapakuwa na nafasi. Moshi uliwaingilia majumbani na maji machafu yakapita mbele ya milango yao. Damu za watoto zilipopimwa zilikutwa na risasi. Phyllis Omido, aliyekuwa mwajiriwa wa kiwanda hicho na mwanawe mwenyewe akaugua, ndiye aliyesimama kuwatetea watu wa mtaa ule.

Mwezi wa Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa iliamua kuwa wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na katika walioonekana kuwa na dhima ni idara za Serikali zilizopasiwa kukagua na kutoa ruhusa. Mahakama ya Rufaa iliiondoa hukumu hiyo mwaka wa 2023, na Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Miaka 10 ilipita tangu kiwanda kusimama mpaka neno la mwisho kusemwa. Mtoto aliyekuwa akitambaa wakati ule alikuwa amekwisha kuwa mwanafunzi wa madarasa ya juu, na risasi iliyomwingia mwilini haikuwa ikingojea hukumu.

Twalitaja jambo hili kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kuwa jina jema halihalalishi kitendo. Mtu aweza kuua jirani zake huku akisema kuwa asafisha mazingira. Ya pili ni kuwa mahakama imekubali kwa sheria ya nchi jambo ambalo fiqhi yetu ililisema zamani, kwamba mkaguzi aliyenyamaza ni mshirika. Al-Mawardi katika Al-Ahkam al-Sultaniyya ameweka mlango mzima wa kazi ya muhtasib, yule aliyewekwa kuangalia masoko, mizani na mambo ya mji. Cheo hicho si cha heshima. Ni mzigo, na mwenye kuupokea ataulizwa.

SHUBUHA NA MAJIBU YAKE

Shubuha ya kwanza. Husemwa na watu wetu wengi kuwa mali ya Serikali haina mwenyewe, na wengine huongeza kuwa Serikali yenyewe si ya Kiislamu, kwa hivyo kuipunja si dhambi kubwa. Haya ni maneno ya hatari. Makureshi wa Makka walimwudhi Mtume s.a.w., wakawatesa wafuasi wake, na mwisho wakakata shauri la kumwua. Hata hivyo walikuwa wakiweka amana zao kwake, na usiku alipohama alimwacha Sayyidna Ali nyuma ili kila mmoja arudishiwe chake. Ikiwa amana ya adui hailiki, itakuwaje amana ya mji mzima, ambao ndani yake mna mama yako na wanao? Na fedha za mpango wa taka zina wenyewe wanaojulikana sana: ni kila aliyelipa kodi, na kila mtoto ambaye sumu ikimwagika itamfikia.

Shubuha ya pili. Atasema msimamizi: "Mimi nimeuza kwa bei ya haki na kwa risiti. Alichokifanya mnunuzi ni juu ya shingo yake." Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wameizungumza mas'ala ya mwenye kuuza zabibu kwa mtu amjuaye kuwa atazikamua ulevi. Wamesema kuwa ni haramu kwake ikiwa ana yakini, na ni makuruhu ikiwa ana shaka, ijapokuwa zabibu zenyewe ni halali na mauziano yameswihi. Basi anayemwuzia mzigo mtu anayejulikana mtaani kuwa huzichoma nyaya usiku nyuma ya nyumba za watu, huyo amejua. Na asiyetaka kuuliza kwa kuogopa kujua hana udhuru, kwa kuwa alilipwa ili aulize.

Shubuha ya tatu ndiyo nzito, na yataka huruma. Husemwa: "Vijana wavunjao vyombo na kuchoma nyaya hawana kazi nyingine. Mpango wa Serikali ukija, utawanyang'anya tonge." Hili ni kweli, na mpango usiolijali hili ni dhulma iliyovaa kanzu nyeupe. Katika mji wa Accra, nchi ya Ghana, palikuwa na mahali paitwapo Agbogbloshie palipojulikana dunia nzima kwa moshi wa nyaya. Mwezi wa Julai 2021 Serikali ilipavunja, na wachomaji wakatawanyika na moto wao, wakawasha mahali pengine. Umaskini hauondoki kwa kuvunjwa kibanda. Uliokuwa na hekima zaidi ni mpango uliosaidiwa na fedha za Ujerumani katika mji huo huo, ulionunua nyaya zikiwa hazijachomwa, ili kijana apate riziki yake bila ya moto. Hapo mali ya umma ilifanya kazi yake hasa, yaani kuifanya njia salama iwe na faida kwa maskini kuliko njia ya sumu.

Kwa hivyo twasema: kijana mwenye mkokoteni si adui wa mpango. Yeye ndiye aujuaye mji nyumba kwa nyumba. Anunuliwe mzigo wake kwa bei ya haki, alipwe papo hapo, afunzwe, apewe glavu na kinga ya pua, na asilazimishwe kuhatarisha mapafu yake ili watu wenye magari mazuri wapate mji safi.

YAMPASAYO MSIMAMIZI

Kwanza, apime mzigo unapoingia na unapotoka, na hesabu mbili hizo zilingane. Kilichoingia lazima kiwe kimetoka kwa njia inayojulikana au kingali ndani chaonekana. Tofauti ikitokea aieleze siku hiyo hiyo.

Pili, mwenye kupima asiwe ndiye mwenye kulipwa kwa uzito, wala asiwe jamaa yake. Sheria yetu haikubali mtu kuwa shahidi wa madai yake mwenyewe.

Tatu, malipo makubwa yangojee mwisho wa safari. Akilipwa mtu kwa kukusanya tu, atakusanya na kurundika. Akilipwa sehemu kubwa baada ya kuthibitika kuwa kioo kimehifadhiwa na zebaki imetolewa salama, atakuwa na sababu ya kuifikisha.

Nne, fedha ya sehemu ya sumu itengwe mwanzo, kabla ya mishahara ya wakubwa na kabla ya magari ya ofisi. Mipango mingi huanza kwa sherehe na kukata utepe, kisha fedha zikaisha pale pale sumu ilipokuwa yangojea zamu yake.

Tano, wafanyakazi wapimwe damu mara kwa mara, na anayekutwa na risasi aondolewe katika kazi hiyo bila ya kukatwa mshahara wake. Mtu hakodishiwi damu yake.

Sita, mkaguzi aje bila ya kutoa khabari, na asipokee zawadi hata ya kikombe cha kahawa.

Saba, siri za watu zihifadhiwe. Simu na kompyuta hubeba picha za familia, barua na hesabu za benki. Aliyekuletea chombo kibovu hakukuruhusu kuitazama nyumba yake. Vifaa vya kuhifadhia khabari vifutwe au vipondwe mbele ya mashahidi.

Nane, hesabu zitangazwe, ili kila mwenye mji azione. Mwenye mikono safi haogopi mwanga.

Kwetu Kenya ilipitishwa mwaka wa 2022 sheria ya usimamizi wa taka, na kanuni za mwaka wa 2024 zikawapasa watengenezaji na waingizaji wa bidhaa wabebe dhima ya bidhaa zao hata baada ya kuchakaa. Jirani zetu wa Rwanda, Serikali yao ilijenga kiwanda cha kuvunja taka za umeme huko Bugesera na kukikabidhi kwa kampuni ikiendeshe. Na katika ulimwengu, Mkataba wa Basel wa mwaka wa 1989 umetengenezwa upya, na tangu tarehe 1 Januari 2025 taka zote za umeme, za sumu na zisizokuwa za sumu, hazivuki mpaka kati ya nchi zilizoufunga mkataba huo ila kwa idhini ya nchi itakayopokea. Sheria basi ziko. Zilizo adimu ni nafsi za kuzitekeleza pale ambapo hapana anayeona. Sheria humfuata mtu mpaka langoni pa godauni, na akishaufunga mlango hubaki yeye na Mola wake.

YATUPASAYO SISI

Lingekuwa kosa kuwahimiza wasimamizi na kujisahau wenyewe. Tumefunzwa kuwa kuondosha udhia njiani ni tawi katika matawi ya imani. Wazee wetu waliufahamu udhia huo kuwa ni mwiba na jiwe. Leo udhia ni betri ya simu iliyotupwa mfereji unaoelekea baharini, na televisheni iliyopasuliwa pembeni mwa uwanja wachezapo watoto. Samaki watokao bahari hiyo ndio kitoweo chetu.

Asiwe mtu wa kutoa kompyuta mbovu akaiita sadaka kwa madrasa. Qur'ani imetukataza kukusudia kilicho kibaya tukakitoa, hali sisi wenyewe tusingekipokea ila kwa kufumba macho. Anayepeleka mzoga wa kompyuta madrasani ameihamisha taka yake na kutaka thawabu juu yake. Ikiwa inafanya kazi, naitolewe; ikiwa imekufa, naipelekwe kwa wenye kuivunja kwa usalama.

Na kamati za misikiti zetu zaweza kufanya jambo dogo lenye kheri. Siku moja katika mwezi, baada ya sala ya Ijumaa, watu walete simu na betri zilizokufa, zipimwe na kuandikwa mbele ya watu, kisha zikabidhiwe kituo chenye leseni, na risiti yake ibandikwe ubaoni. Wiki chache baadaye wawili katika kamati waende kituoni kuuliza zilifika wapi. Swali hilo la pili, wengi hawaliulizi, nalo ndilo lenye uzito.

Haya ndiyo jawabu letu kwa muulizaji. Akabidhiwaye kazi hii na aiendee kama aendavyo mtu aliyebebeshwa mtoto wa watu usiku: hapumziki kwa kufika njia panda, hupumzika anapomkabidhi mikononi mwa mama yake.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe katika wanaozichunga amana zao na ahadi zao, awaponye watoto waliodhurika kwa mikono ya watu, na awape wasimamizi wetu khofu ya siku ambayo mizani yake haipunji. Amin.